Kitabu Kisichozinduliwa Hakisomwi

Ilikuwako nchi moja, na bado iko, ambayo kila kitu chake kilingoja kuzinduliwa. Msiniulize iko upande gani wa ramani. Ramani ilikwisha kuchorwa, ila haijazinduliwa, na mimi si mtu wa kuvunja sheria.

Katika nchi hiyo daraja lililokamilika halikuvukwa na mtu mpaka mkubwa aje kukata utepe. Kwenye mto mmoja watu waliogelea chini ya daraja jipya kwa miaka minne, nguo zao vichwani, na walipofika ng'ambo waligeuka wakalisifia: daraja imara, la kisasa. Mabomba ya maji yalifungwa minyororo. Hospitalini vitanda vipya vilikaa ndani ya nailoni zao, na wagonjwa walilala sakafuni katikati yake, wakijihadhari wasivichafue. Wizara ya Uzinduzi ilikuwa kubwa kuliko wizara zote. Ilikuwa na Waziri mmoja na Manaibu tisa, kila Naibu na mkasi wake. Wananchi walifurahi sana, nami nasema hivyo kwa sababu ndivyo gazeti lilivyoandika kila siku.

Basi katika mji mmoja wa nchi hiyo, mkabala na Shule ya Msingi Utulivu, aliishi fundi cherehani aitwaye Stamili. Watu walimwita Mama Siwatu, kwa jina la bintiye wa pekee aliyekuwa darasa la sita. Nusu ya sare za shule ile zilitoka kwenye cherehani yake. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye ubishi wa aina ile isiyopiga kelele lakini haiondoki mlangoni.

Siku moja aliacha kuliona tundu la sindano. Alidhani ni uchovu. Wiki ya pili alikata shati la mtu mikono mitatu, akaenda hospitali ya wilaya. Daktari alimmulika, akaguna, akamwambia ni presha ya macho.

"Inatibika?" Stamili akauliza.

"Inatibika. Kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaokoleka." Daktari akafungua mlango wa chumba cha pili, akamwonyesha mashine nyeupe iliyozungushiwa utepe mwekundu. "Ile pale ndiyo inayookoa."

"Inangoja?"

"Mwaka wa pili huu." Akaufunga mlango taratibu, asije akaonekana. "Mama, nakwambia kama dada yangu. Kama kuna jambo unataka kuliona, lione mapema. Mwaka mmoja ninaweza kukuahidi. Wa pili sikuahidi."

Mtu mwingine angekaa akaililia ile mashine. Stamili alilia siku mbili, kisha akaacha, maana aliijua nchi yake. Mashine ni jambo la serikali. Yeye alitaka jambo dogo, lililo ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida, na jambo hilo likaletwa nyumbani na Siwatu jioni ya siku ya tatu.

Kwenye stoo ya shule kulikuwa na boksi la vitabu ishirini na vinne, vyote nakala za riwaya moja, *Mkufu wa Bi Mosi*. Waliliacha wageni fulani waliopita wakapiga picha, wakaondoka. Mwalimu mmoja mgeni, Mwalimu Tunu, aliyekuwa bado hajazijua desturi, alichomoa nakala moja akawasomea darasa la sita sura ya kwanza. Wiki iliyofuata alihamishiwa shule nyingine, ambayo barabara yake haijazinduliwa. Alikwenda kwa miguu, godoro kichwani.

Lakini sura ya kwanza ilikwisha kusikika, na Siwatu alikuwa mtoto asiyesahau. Alimsimulia mama yake yote. Bi Mosi anaamka alfajiri, anamtia kuku kwenye tenga, anakwenda kwa hakimu kudai mkufu wake, ambao ulichukuliwa kuwa kidhibiti katika kesi ya watu wengine kabisa. Anatembea mpaka miguu inavimba. Anafika mlangoni. Mlinzi anamtazama, anamtazama kuku, anafungua mdomo, na hapo sura ya kwanza inakwisha.

Usiku ule Stamili hakupata usingizi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hajawahi kusoma kitabu kizima. Alipokuwa shule walikuwa watoto sita kwa kitabu kimoja, na kurasa za mwisho daima zilikuwa zimechanwa na waliotangulia. Akapiga moyo konde: kabla macho hayajafunga, kitabu hiki nitakisoma, kuanzia jina mpaka ukurasa wa mwisho, na Siwatu pembeni yangu.

Na kwa kuwa katika nchi ile mtu anayetaka kitu peke yake huulizwa ametumwa na nani, aliamua kutaka pamoja na wenzake.

*

Mwalimu Mkuu, Bwana Mkelemi, alikuwa mtu mwema, na woga wake ulikuwa safi, hauna hila ndani yake.

"Klabu ya wazazi ya kusoma vitabu," akarudia, akiweka kalamu chini. "Yaani wazazi wakae pamoja?"

"Wanaopenda, Mwalimu."

"Wafungue kitabu, wasome?"

"Ndiyo."

"Kisha wafanye nini?"

"Wazungumze walichosoma."

Mwalimu Mkuu akanyanyuka, akafunga dirisha. "Mama Siwatu, wazo ni zuri. Zuri mno. Ndiyo maana haliwezi kufanyika hivi hivi."

Stamili alimweleza habari ya macho yake, kwa sauti ya chini, maana mtaani alikuwa hajamwambia mtu. Akaomba aazimwe nakala moja kwa siku tatu tu. Bwana Mkelemi alihuzunika kweli, machozi yalimlenga.

"Ningekupa leo hii," akasema. "Lakini kikisomwa kabla ya kuzinduliwa, Mheshimiwa atakuja kuzindua nini? Kitabu cha mtumba? Anzisha klabu, Mama. Klabu ikiwapo kuna barua, barua ikiwapo kuna uzinduzi, uzinduzi ukiwapo unasoma mpaka uchoke. Subira yavuta heri."

Ukweli lazima usemwe: wazazi hawakupinga. Walikuja sitini na watatu, kwa sababu ilivumishwa kwamba kutakuwa na soda. Soda hazikuwako, lakini mlango ulikuwa umefungwa, basi wakachagua uongozi. Mwenyekiti akawa Bwana Lukindo, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa soko, wa watumiaji maji na wa makaburi. Katibu akawa Bwana Chande, karani wa ofisi ya ardhi, mtu mwenye mwandiko wa kupendeza na kiu ya muda mrefu ya kuutumia.

Bwana Lukindo akasimama kushukuru. "Kabla sijasema machache," akasema, "niseme kwanza yale ambayo si machache." Akayasema kwa saa moja na robo. Alieleza kwamba kusoma ni kusoma, na kwamba asiyesoma hajasoma, na kwamba taifa lisilosoma ni taifa ambalo, kwa kweli, halisomi. Makofi yalipigwa. Stamili naye alipiga. Alikuwa na matumaini wakati ule, na mwenye matumaini hupiga makofi kwa urahisi.

*

Barua ya kuomba kuzinduliwa kitabu ilipelekwa, na klabu ikaanza kukutana kila Alhamisi saa tisa alasiri kungoja majibu.

Kwa desturi ya nchi ile, kikao hakiwezi kufunguliwa mpaka kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe na kuthibitishwa. Kumbukumbu za Bwana Chande za kikao cha kwanza zilikuwa kurasa mbili. Hakuacha hata kikohozi. Kikao cha pili kilisoma za kwanza, kikazibishania, na mabishano nayo yakaandikwa. Za pili zikawa kurasa tano. Kufika mwezi wa tatu, kusoma kumbukumbu kulimaliza kikao kizima. Kikao cha kumi na mbili kilikuwa kusoma jinsi kikao cha kumi na moja kilivyosoma habari za kikao cha kumi.

Wazazi hawakuchoka. Hilo ndilo lililomshangaza Stamili. Watu ambao hawakuwahi kuandikwa popote ila kwenye daftari la wadaiwa la duka, sasa walijisikia wakitajwa kwa majina, na vitenzi vyao. Walikuja mapema kuwahi viti vya mbele.

"Naomba marekebisho ukurasa wa saba," alisema Mama Kizibo, muuza maandazi. "Imeandikwa nilipiga miayo. Sikupiga miayo. Nilishangaa."

"Mdomo ulikuwa wazi, mama," Bwana Chande akajitetea.

"Mshangao nao hufungua mdomo."

Kura zikapigwa. Mshangao ukashinda kwa kura nne.

Stamili alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, kitabu tutakisoma lini?"

"Swali zuri sana," Bwana Lukindo akasema. "Katibu, liingie kwenye kumbukumbu."

Alhamisi iliyofuata Stamili akalisikia likisomwa: *Mama Siwatu aliuliza kitabu kitasomwa lini. Swali lilisifiwa.* Watu wakageuka wakamtazama kwa wivu kidogo. Kufikia wakati huo alikuwa haoni tena nyuso za walioketi mstari wa nyuma.

*

Mwezi wa tano majibu yakaja, yakiwa yamevaa suti. Yaliitwa Bwana Mashauri, Afisa Uzinduzi wa Wilaya, na yalikuwa na futi ya kupimia kiunoni. Bwana Mashauri alipima geti, akapima meza, akapima umbali kutoka mahali litakapoegeshwa gari mpaka mahali kitakapokaa kitabu. Kitabu chenyewe aliingia stoo peke yake, akakipima urefu na upana bila kukifunua.

"Utepe mita arobaini," akasema. "Thelathini na tisa na nusu za kuzungushia uwanja. Nusu mita ya kufungia kitabu. Kingo zishonwe kwa mkono, maana mshono wa cherehani hauonekani vizuri kwenye televisheni."

Wajumbe wakatazamana. Kisha Bwana Lukindo akatabasamu. "Mungu si Athumani. Tunaye fundi."

Na Stamili, ambaye alikuwa amekuja kikaoni aombe kusoma, akarudi nyumbani na mzigo wa kitambaa chekundu kichwani. Alikubali kwa sababu kila mita iliyoshonwa aliihesabu kuwa hatua ya kukifikia kitabu. Alikaa mlangoni palipo na mwanga, na jua lilipohama alihamisha kigoda, mpaka saa kumi na mbili anakuwa ameizunguka nyumba nzima. Siwatu alimtungia sindano kumi kabla ya kwenda shule, akazichomeka kwenye mto zikiwa na uzi tayari.

Mita ya thelathini na nane, ikaja barua. Utepe mwekundu ni wa mashine na madaraja. Wa vitabu ni wa kijani. Akashona arobaini za kijani. Ikaja barua nyingine: kijani imechukuliwa na Naibu wa Uzinduzi wa Mazao, ambaye ameudhika. Vitabu ni bluu. Za bluu Stamili alizishona kwa kupapasa kwa vidole, maana macho yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli, kama mtu anayetazama nje kupitia shuka.

"Mama, kwa nini usiwaambie kwamba huoni?" Siwatu akauliza.

"Nikiwaambia wataunda kamati."

Akaendelea kushona. Ila jioni ile alimwambia mtoto jambo ambalo alikuwa ameanza kulikubali moyoni. "Hata yakifunga kabisa, si wewe upo? Kitabu kikishatoka utanisomea. Kusikia nako ni kusoma, au siyo?" Siwatu akasema ni kusoma. Basi tumaini likapunguzwa kiasi, likakaa vizuri kwenye mwili uliobaki, na fundi wa nguo anajua kupunguza.

*

Siku ya uzinduzi ilipangwa mara tatu.

Mara ya kwanza watoto walicheza ngoma tangu saa mbili asubuhi, wawili wakazimia, na saa tisa ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Naibu Waziri amekwenda kuzindua ratiba ya uzinduzi.

Mara ya pili Mheshimiwa alikuja kweli. Lakini msafara wake ulifunga breki kwenye utepe wa kwanza uliouona, nao ulikuwa kwenye gari la bibi harusi nje ya kanisa. Aliteremka, akaukata, akahutubia dakika hamsini kuhusu ndoa na maendeleo, akaondoka. Bwana harusi alizuiwa kupanda gari mpaka hotuba ikaisha. Wanasema ile ndoa ina nguvu mpaka leo.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa kumi na nne tangu daktari aseme aliyoyasema. Wageni walialikwa saa tatu asubuhi. Mheshimiwa aliwasili saa kumi na moja jioni, akakalishwa kwenye kochi lililoazimwa kwa Mwenyekiti, likiwa na vitambaa vyake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wenyeji walikuwa na njaa, lakini walipigia vigelegele gari mpaka lilipozima injini.

Mheshimiwa alipongeza. Alisema serikali inakipenda kitabu. Alisema kuna nchi, hakutaka kuzitaja, ambako vitabu husomwa ovyo, mtu yeyote, siku yoyote, na matokeo yake tunayaona. Kisha akanyoosha mkono, akapewa mkasi, akaikata ile nusu mita ya bluu. Kitabu kikainuliwa juu. Kamera zikamulika. Watu sitini na watatu wa klabu, ambao kwa mwaka mzima na zaidi walijiita wasomaji, wakakiona kitabu kwa mara ya kwanza.

"Namba kumi na saba kwenye ratiba," mshereheshaji akasema. "Msomaji wa Kwanza, mwasisi wa klabu, Mama Siwatu, atatusomea aya moja."

Hakuna aliyemwambia. Bwana Lukindo alikusudia iwe zawadi ya kumshtukiza.

Alisukumwa mbele kwa upendo. Kitabu kikatiwa mikononi mwake. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kilinukia karatasi mpya. Alikifunua, akapitisha kidole juu ya ukurasa. Ukurasa ulikuwa laini, na mbele ya macho yake ulikuwa weupe tu. Hapakuwa na hata herufi moja. Stamili alijua wakati ule, mbele ya watu wote, kwamba amechelewa. Mshereheshaji aliongeza sauti ya kipaza sauti, akidhani chombo kina hitilafu.

Angeweza kusema sioni. Lakini alikuwa amengoja miezi kumi na minne. Akafungua mdomo akaanza na yale aliyoyajua: Bi Mosi, alfajiri, kuku, tenga, mlango wa hakimu, mlinzi. Sura ya kwanza ikaisha. Watu walisogea mbele, hata watoto. Hakuweza kuwaacha pale mlangoni, kwa hiyo akaenda mbele.

"Mlinzi akamwambia: hakimu hayupo, amekwenda kuzindua mahakama. Bi Mosi akauliza: na hii ninayosimama mlangoni pake? Mlinzi akasema: hii ni ya zamani, haitumiki, na ile mpya haijaanza. Bi Mosi akakaa chini angoje. Kuku akataga, mayai yakaanguliwa, vifaranga wakakua. Wakubwa wakapita, wakawala wale kuku mmoja mmoja, na kila aliyekula alimsifu kwa uvumilivu wake. Alipobaki na tenga tupu, Bi Mosi akawauliza: waheshimiwa, mnaogopa nini? Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Kila mmoja alikuwa akimwogopa aliyekaa mbele yake, na yule wa mbele kabisa aliogopa kugeuka nyuma."

Akafunga kitabu.

Kukatokea makofi ambayo Shule ya Msingi Utulivu haikuwahi kuyasikia. Mama Kizibo alikuwa akilia, na safari hii hakuna aliyeandika kwamba alipiga miayo. Mheshimiwa naye alipiga makofi, akasema waandishi wetu ni hazina. Siwatu peke yake, kwenye mstari wa kwaya, hakupiga makofi. Alikuwa amekiona kitabu kikiwa kichwa chini miguu juu.

Mheshimiwa alipokuwa akipanda gari, msaidizi wake alimnong'oneza kitu. Mheshimiwa akageuka nyuma kidogo, halafu akajizuia.

*

Jumanne vitabu vyote ishirini na vinne vilikamatwa. Barua ilieleza kwamba *Mkufu wa Bi Mosi* umesimamishwa kote nchini kwa sababu ya maneno yaliyomo, kama yalivyosomwa hadharani mbele ya mashahidi. Bwana Mkelemi alilibeba boksi kwa mikono yake, akasaini, akaenda kulala kwa siku mbili. Bwana Lukindo aliwaambia wajumbe kwamba klabu imepata mafanikio: lengo lilikuwa uzinduzi, na uzinduzi umefanyika. Sokoni watu walimsogelea Stamili wakamwuliza kwa chini, je, yule mama mkufu wake aliupata? Naye aliwajibu kwamba hajui, wakaona anaogopa, wakamwacha.

Ndipo akaona alichokifanya. Macho yalikuwa yamekwenda, hilo alilizoea. Lakini alikuwa amebakiza Siwatu na sauti yake, na sasa hata hicho cha kusomwa hakipo. Akamshika Siwatu bega, wakaenda ofisi ya wilaya, akasema apelekwe kwa Bwana Mashauri.

"Nimekuja kukiri," akasema. "Yale maneno hayamo kitabuni. Niliyatunga mimi, palepale. Nifungeni mimi, kirudisheni kitabu."

Bwana Mashauri alikuwa mtu wa utaratibu. Alimpa kiti, akachukua faili.

"Unasema hayamo. Uliyatafuta kitabuni ukayakosa?"

"Sikuweza kutafuta. Sioni. Muulizeni daktari."

"Cheti cha daktari ninacho hapa, kililetwa na hospitali kikaambatanishwa." Akageuza karatasi. "Kinasema huoni. Sasa Mama Siwatu, mtu asiyeona atashuhudiaje kwamba kitu fulani hakimo kitabuni?"

"Basi kifungueni mtazame ninyi."

"Kitabu kinachochunguzwa hakifunguliwi. Ni kuharibu ushahidi."

"Wanaokichunguza wanakichunguzaje?"

"Kwa makini," alisema Bwana Mashauri.

Siwatu akanyoosha mkono kama aliye darasani. "Mimi ninaona. Nilikuwepo. Mama alikishika kichwa chini."

Bwana Mashauri alimtazama mtoto, na lazima nimtendee haki: uso wake ulilegea. Alifunga faili. "Binti, ulijuaje upande wa juu wa kitabu kilichopigwa marufuku? Uliwahi kukisoma?"

Siwatu akafungua mdomo. Stamili aliisikia pumzi ile, akamkamata mkono kwa nguvu mpaka mtoto akagumia.

"Hajawahi," Stamili akasema. "Hajui chochote. Mtoto huyu hajawahi kusikia habari zake."

"Nami nilifikiri hivyo," akasema Bwana Mashauri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshukuru. "Wewe huna kosa, mama. Kosa ni la mwandishi, na wewe ulisoma vizuri. Wizara imesema hivyo kwa maandishi." Akavuta mtoto wa meza, akatoa bahasha. "Hiki kilikwisha kuchapishwa kabla ya zuio, na kukirudisha kuna utaratibu mrefu kuliko kukitoa. Hongera."

Walirudi nyumbani. Siwatu alikuwa na alama nyekundu kwenye mkono, na Stamili hakuweza kuiona, ila alijua iko wapi, akawa anaipapasa njia nzima. Walipofika alikaa kitandani, akaomba bahasha ifunguliwe.

"Ni cheti, Mama. Kina picha ya mkasi."

"Kisome."

Siwatu akakisogeza kwenye mwanga. "Jamhuri. Wizara ya Uzinduzi. Cheti cha Msomaji wa Kwanza. Hii ni kuthibitisha kwamba Bi Stamili, mzazi, amesoma. Sahihi ya Naibu Waziri. Sahihi ya Mwenyekiti. Muhuri." Akaigeuza karatasi nyuma. "Kimeisha."

"Chini hakuna kitu?"

"Maandishi madogo tu, ya waliochapa."

"Yasome."

Siwatu akasoma jina la kiwanda cha chapa, sanduku la posta na mji. Hapo palikuwa ni mwisho wa karatasi. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaa wima, mikono magotini, uso umeelekezwa palipotoka sauti. Mtoto akarudi juu kabisa, akaanza tena, polepole zaidi, kwa sababu mama yake alikuwa bado anasikiliza.